Kadi Ikishatoka, Nani Yuko Zamu?

Mhadhara kwa wanachuo wa fani za afya, wakufunzi na wananchi



Nitaanza na hesabu. Najua mkufunzi mstaafu hutarajiwa kuanza na shukrani, lakini shukrani nitazitoa wakati wa chai.

Chukueni kijiji cha watu 4,000. Kina zahanati, na zahanati ina sista mmoja. Mwaka wake una siku za kazi 260 ukiondoa Jumamosi na Jumapili. Toa likizo, siku 20 za kazi. Toa sikukuu, tuseme 15. Toa siku 20 nyingine za semina, za kuuguza mtoto, za misiba, za kupanda bodaboda kwenda halmashauri kupeleka ripoti. Zinabaki 205. Kila siku ina saa nane, ila mbili zinaliwa na vitabu vya takwimu vya MTUHA, kuagiza dawa, kukagua jokofu la chanjo na kupiga deki pale mhudumu asipokuwepo. Zinabaki saa sita za kumtazama mgonjwa. Zidisheni: saa 1,230 kwa mwaka, yaani dakika 73,800.

Mgonjwa mmoja apewe dakika 15. Humo kuna salamu, kusikiliza, kupima joto na presha, kutoboa kidole cha malaria, kuandika, kutoa dawa na kueleza inavyomezwa. Kwa kasi hiyo sista ataona wagonjwa 4,920. Kila mwanakijiji akija mara moja kwa mwaka, anawaweza wote na anapata nafasi ya kunywa maji. Sasa gaweni kadi za bima. Kila mtu aje mara mbili tu, si zaidi. Wagonjwa wamekuwa 8,000 na dakika ni zilezile 73,800. Kila mmoja anaambulia dakika tisa na sekunde kidogo.

Na leba sijaitaja. Katika kijiji cha ukubwa huo hapa kwetu huzaliwa watoto kama 140 kwa mwaka. Uchungu mmoja ukimshika sista saa nane, na mnajua upo unaomshika usiku kucha, hizo ni saa 1,120, karibu mwaka wake mzima wa kazi. Nilipokuwa nafundisha zamu za mazoezi, wanachuo wangu waliniuliza sista anayafanyaje yote hayo. Niliwajibu kwamba hayafanyi. Anaacha mlango wa leba wazi kidogo ili asikie, anakimbia dirishani kutoa dawa mbili, anarudi, na siku mambo yakiharibika yeye ndiye anayeandika maelezo kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

Hesabu hii si siri ya wataalamu. Shirika la Afya Duniani lina njia yake ya kupima mzigo wa kazi, na inaanza na maswali hayahaya: mtumishi ana saa ngapi kwa mwaka, mgonjwa anakula dakika ngapi. Serikali yetu nayo ina ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa katika kila kituo. Ikama ya mwaka 2014 iliitaka zahanati iwe na watumishi 15 hadi 20, na kituo cha afya 39 hadi 52. Naona mnacheka. Waliofanya kazi vijijini hucheka hapo kila mara. Lakini ikama si ndoto ya mlevi. Waliokaa wakaiandika walihesabu leba, chanjo, kliniki ya mama na mtoto, maabara na dawa, wakakuta kazi hizo zinahitaji mikono hiyo. Kilichokosekana ni mishahara ya kuijaza.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nilikuwa miongoni mwa walioipigia makofi, na leo naipigia tena. Nimeshuhudia mwenyewe watu wakiuza shamba ili mama atolewe wodini. Wakati muswada ule unajadiliwa, Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Kwa hiyo tunazungumzia kuwaingiza mlangoni watu zaidi ya milioni 50 ambao hadi sasa wakiumwa hupiga hesabu ya mfukoni kwanza, ndipo waamue kama wanaumwa.

Mjadala ulihusu fedha. Nani achange, kiasi gani, asiye na uwezo alipiwe na nani, kitita kiwe na huduma zipi. Ni maswali ya haki. Ila niliusikiliza redioni kwa siku kadhaa nikingoja mtu aulize kadi ikishatoka ni nani yuko zamu. Kadi huchapwa kwa dakika. Tabibu wa stashahada hufundishwa miaka mitatu. Daktari husoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali, na akitaka ubingwa wa upasuaji aongeze mingine kadhaa. Mtoto aliyeingia kidato cha tano siku ile sheria inapita, kama ana nia ya kuwa daktari bingwa, bado yuko mbali sana na kisu.

Tuwatazame basi hao wageni wetu. Watu wengi wa mipango hudhani mwenye bima mpya ataleta mafua na kikohozi, ongezeko la vitu vidogovidogo. Sivyo. Mgonjwa mpya huja na ugonjwa wa zamani. Anakuja mzee mwenye ngiri aliyoifunga kwa kitambaa tangu mjukuu wake akiwa hajazaliwa. Anakuja bibi mwenye mtoto wa jicho, anayeongozwa na fimbo wakati jicho lake lingefunguliwa kwa upasuaji mfupi. Anakuja mama mwenye uvimbe kwenye kizazi aliyezoea kutembea na kitenge cha pili mkobani. Wanakuja wenye presha ambao hawakujua kama wana presha.

Tulipata kionjo cha jambo hili kwa Toto Afya Kadi. Kwa shilingi 50,400 mzazi aliweza kumkatia mtoto bima ya mwaka. Mfuko wa bima ya afya ukagundua kwamba wengi waliokatiwa ni watoto waliokwisha kuugua, baadhi yao magonjwa mazito ya gharama, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja ukasitishwa, wazazi wakaelekezwa wapitie shuleni. Wapo waliowalaumu wazazi kwa ujanja. Mimi siwalaumu hata kidogo. Ukiwa na mtoto mwenye tundu kwenye moyo na mwingine mzima, na una fedha za kadi moja tu, utamkatia nani? Kwa fedha, somo lake ni kwamba wazima nao wachangie, na ndiyo maana ya bima kuwa ya wote. Kwetu sisi wa wodini somo ni jingine: siku ya kwanza mlango ukifunguliwa, walio mbele ya foleni ndio wagonjwa kuliko wote.

Nibaki kidogo kwa yule mzee wa ngiri, maana ndipo watu hukosea. Kumtibu kunaonekana kazi ya mtu mmoja, mpasuaji. Mpasuaji ni wa tano au wa sita. Kuna tabibu wa zahanati atakayemtambua na kumwandikia rufaa. Kuna mteknolojia wa maabara wa kupima wingi wa damu na kundi lake. Kuna mtaalamu wa usingizi, na huyu mniwekee alama. Kuna muuguzi wa chumba cha upasuaji anayehesabu vitambaa kabla na baada. Kuna mtu wa kutakasa vifaa, ambaye jina lake halitajwi kwenye hotuba yoyote. Kuna sista wa wodi usiku ule. Akikosekana mmoja, mzee anarudi kijijini na kitambaa chake na kadi yake mpya.

Tangu 2017 tumejenga vituo vya afya vingi vyenye vyumba vya upasuaji, na sitaki mtu aseme hapa kwamba majengo si kitu. Nimezalisha kwa mwanga wa kandili, najua jengo ni nini. Lakini nimeingia pia kwenye chumba cha upasuaji, sitataja wapi, ambacho taa yake kubwa ya dari ilikuwa bado imevikwa nailoni ya kiwandani. Nikauliza. Mganga mfawidhi akaniambia kwa utulivu: mtu wa usingizi hatuna, tulikuwa naye, akahama kumfuata mwenzi wake mjini. Tunajua kutangaza zabuni ya jengo. Kumtafuta mtu wa usingizi anayekubali kulala mahali pasipo na nyumba ya mtumishi bado hatujajua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenzangu wa makamo wananilaumu nikilisema. Tunazoea kusema tuna uhaba wa wataalamu, kana kwamba ni ukame, umetoka mbinguni. Sehemu kubwa ya uhaba huu tuliutengeneza. Miaka ya 1990, chini ya mageuzi ya uchumi, ajira serikalini zilibanwa na watu wakapunguzwa kazini. Mwaka 1993, tulipoanza uchangiaji hospitalini, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya gharama, mlango wa ajira nao ulikuwa unafungwa. Katikati ya muongo ule watumishi wa afya walikuwa kama 67,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa kama 54,000, huku watu wakiongezeka na ukimwi ukijaza wodi. Wengine wenu hapa mlizaliwa katika wodi za wakati ule. Mama zenu watawaeleza.

Kisha Aprili 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na wa afya walikuwemo. Sitetei cheti cha kughushi, hasa mkononi mwa anayechoma sindano. Ila ziko zahanati zilizobaki na mlinzi tu. Na mwezi mmoja kabla yake lilitokea jambo ambalo mpaka leo nalitumia darasani. Madaktari wa Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100, Kenya ikatuomba madaktari 500, nasi tukakubali. Kesi ikafunguliwa huko, mpango ukakwama, na serikali yetu ikawaajiri hapa nchini 258 kati ya waliokuwa wameomba. Fikirini vizuri. Nchi yenye upungufu wa madaktari ilikuwa na madaktari wa kutosha kuazima jirani, kwa sababu walikuwa wamekaa nyumbani. Walikuwa wamesomeshwa kwa mikopo ya umma. Kilichokuwa kimekosekana ni nafasi yenye mshahara.

Hali hiyo haijakwisha. Humu ukumbini wamo waliomaliza mwaka juzi na mwaka jana, wanajitolea hospitalini kwa nauli au bila nauli, wakiangalia mfumo wa maombi ya ajira kila Jumatatu. Kwa hiyo mtu akiniuliza tuwaandae vipi watumishi kwa ajili ya wenye bima wapya, jibu langu la kwanza halihusu mafunzo. Tuwaajiri waliokwisha kuandaliwa. Bima ikianza kuleta fedha vituoni, sehemu yake ijulikane mapema, kwa asilimia na kwa tarehe, kuwa ni ya mishahara ya mikataba. Fedha za bima zikiishia kwenye rangi ya ukuta na gari la meneja, tutakuwa tumekusanya michango ya maskini kulipia foleni.

Wenzetu walipitia haya, na ni vizuri kuwachungulia, ingawa kila nchi ina mambo yake. Thailand ndiyo inayotajwa sana, kwa mpango wake wa kumtibu kila mtu kwa baht 30, ulioanza 2001 na kuenea nchi nzima mwaka uliofuata. Watu husifu baht 30. Wachache husimulia miaka 30 ya kabla yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari mpya Thailand alilazimika kuitumikia serikali miaka mitatu, na wengi walipelekwa wilayani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walisimamisha kwa muda uwekezaji mpya kwenye hospitali kubwa za mijini ili fedha ziende kwenye hospitali za wilaya. Wauguzi wakafundishwa mikoani, wakichaguliwa kutoka maeneo watakayorudi. Kadi ilipofika, ilimkuta mtu kwenye kiti.

Ghana ilipitisha sheria ya bima yake mwaka 2003. Ziara za wagonjwa wa nje zilizolipiwa na bima zilikuwa chini ya milioni 1 mwaka 2005. Mwaka 2013 zilizidi milioni 25. Baadhi ya wagonjwa hao, kwa kweli, ni watu waliokuwa wakija hata zamani na kulipa taslimu. Lakini vituo vililemewa, na mfuko ulipochelewa kulipa madai, baadhi ya vituo vilianza kumdai fedha mwenye kadi. Kenya, Desemba 2018, ilianza majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Ada zilipoondolewa, wagonjwa waliongezeka mara moja, na watu wa kaunti jirani nao walivuka kwenda kutibiwa. Mwaka 2024, mwaka uleule ambao Kenya ilianzisha mfuko mpya wenye mchango wa asilimia 2.75 ya mshahara, madaktari wake walikuwa kwenye mgomo wa siku 56, na moja ya hoja kubwa ilikuwa malipo ya madaktari tarajali na lini watapangiwa vituo. Yaani mwananchi anakatwa kwa ajili ya daktari, na daktari yuko barabarani na filimbi mdomoni. Hata Marekani, katika jimbo la Oregon, waliotunukiwa bima kwa bahati nasibu mwaka 2008 walionekana kwenda vyumba vya dharura kwa asilimia 40 zaidi ya wenzao waliokosa. Watu wa mipango walidhani wangepungua huko.

Lakini kwa nini twende mbali? Sisi wenyewe tuliwahi kupokea wimbi. Oktoba 2004 tulianza rasmi kutoa dawa za kufubaza virusi vya ukimwi. Nilikuwa nafundisha kwenye hospitali yenye CTC mpya, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya ukimwi, na miezi ile ya kwanza nataka niwaeleze ilivyokuwa. Daktari ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuanzisha dawa. Kila mgonjwa alikuja kila mwezi. Watu walilala kwenye baraza tangu saa tisa usiku. Sista mmoja alizimia si kwa ugonjwa, kwa njaa, saa nane mchana. Tulisema haiwezekani. Leo zaidi ya Watanzania milioni 1 wanatumia dawa hizo, na CTC nyingi ukienda asubuhi ni tulivu kuliko benki.

Nini kilibadilika? Madaktari hawakuongezeka mara kumi. Kazi iligawanywa upya. Muuguzi alifundishwa kuanzisha na kuendeleza dawa, akakabidhiwa kitabu cha mwongozo na mtu wa kumpigia simu. WAVIU washauri, wagonjwa wenyewe waliokwisha kuizoea dawa, walichukua kazi ya kueleza, kufariji na kumtafuta aliyepotea, na waliifanya vizuri kuliko sisi. Kila mtu alikuwa na kadi yake ya CTC na tarehe yake. Na jambo dogo lililofanya makubwa: mgonjwa aliyetulia aliacha kuja kila mwezi. Alipewa dawa za miezi mitatu, baadaye hata sita.

Rudini kwenye kijiji chetu. Tuseme wamo wenye presha na sukari 200. Kila mmoja akija kila mwezi, hizo ni ziara 2,400 kwa mwaka. Wote wakishika dawa vizuri, wakaja kila baada ya miezi mitatu, ni 800. Umeokoa ziara 1,600, dakika 24,000, saa 400. Theluthi moja ya mwaka wa sista mmoja, imepatikana bila kumfundisha wala kumwajiri mtu. Lakini kama kanuni za mfuko zitalipa dawa za mwezi mmoja kwa mara moja, saa hizo 400 zimechomwa na karani aliyeandika kanuni akiwa mezani, ambaye hajui kama amechoma chochote. Ndiyo maana naomba watu wa bima na watu wa zamu wakae chumba kimoja kila kanuni zinapoandikwa.

Nisiisifu CTC kupita kiasi. Kazi ile ililipiwa sehemu kubwa kwa fedha za nje. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ilipunguza watu, na wauguzi, washauri na watunza takwimu waliokuwa wamekomaa kazini wakarudi nyumbani na begi. Hao ndio watu hasa wanaojua kupokea wimbi. Halmashauri inayotafuta watu wa kuanza nao ina majina yao tayari.

Kuhusu kada za kati nitasema kwa hasira kidogo, mnisamehe. Tangu 1963 nchi hii ilikuwa na daktari msaidizi, AMO, tabibu mzoefu aliyerudishwa chuoni kuongezewa ujuzi, upasuaji ukiwamo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za Mwanza na Kigoma uliwakuta hao ndio wanaofanya sehemu kubwa kabisa ya upasuaji wa dharura wa uzazi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa kiasi cha maana na ya madaktari wenye shahada. Baadaye mafunzo ya kada hiyo yalisimamishwa, kwa hoja kwamba sasa tuna vyuo vikuu vingi vya tiba. Hoja ya hadhi naielewa. Ila tulitupa jembe kabla trekta halijafika shambani, na waliokuwa wanalima kwa jembe lile walikuwa Kigoma, si mjini.

Halafu kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA. Mwishoni mwa Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kufikisha WAJA 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Kenya, Septemba 2023, iliwapa vifaa wahudumu wake 100,000. Ni jambo jema, na nimewafundisha baadhi yao, wana moyo. Lakini isije ikadhaniwa kwamba WAJA atapunguza foleni ya zahanati. Ataiongeza, tena haraka. Akipita na kipima presha nyumba kwa nyumba, atawakuta watu 30 waliokuwa wanajidhania wazima, na wote atawaandikia waende zahanati. Hivyo ndivyo anavyotakiwa kufanya. Akiwafikisha wakamkuta sista yuleyule mmoja, mwezi wa pili hawatamfungulia mlango.

Liko na jambo la karatasi. Mwenye fedha taslimu hulipa na kuondoka. Mwenye bima huacha nyuma yake fomu ya madai: namba ya kadi, ugonjwa, kipimo, dawa, sahihi ya mgonjwa, sahihi ya mtoa huduma. Kosa dogo, dai linakatwa. Mfumo wa kompyuta husaidia pale umeme na mtandao vilipo. Nimewaona wauguzi wenye ujuzi wa leba wakikaa Jumamosi nzima wakirekebisha fomu za mwezi ili kituo kisikose fedha. Tuajiri makarani wa madai. Kijana wa kidato cha nne mwenye cheti cha kompyuta anaifanya kazi hiyo vizuri, pengine kuliko sisi wenye mwandiko wa kitabibu.

Mwisho, lugha. Mwenye kadi mpya anakuja na sauti mpya, na ni haki yake. Atasema, mimi nimelipa, kwa nini ninangoja? Sista aliyekesha atamjibu vibaya. Tutafanya semina ya huduma kwa mteja, tutapiga picha ya pamoja. Nimeendesha semina hizo mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kusema: zilikuwa nzuri, na hazikumwongezea sista hata dakika moja. Dakika tisa haziruhusu pole. Zinatosha kwa “jina?”, “unaumwa nini?”, “mwingine!”

Yule sista wetu wa kijiji cha watu 4,000, tumpe umri: ana miaka 27. Ameolewa mwaka jana. Katika hesabu yangu ya mwanzo nilimtolea likizo ya kawaida, sikumtolea uzazi. Sheria inampa siku 84. Nimepata nafasi ya kuwauliza maofisa wa halmashauri tatu, kwa nyakati tofauti, ni nani atakayekaa zahanati siku hizo 84. Wawili waliniambia watalifanyia kazi. Wa tatu, mtu makini kabisa, alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye orodha, akasema wataazima mtumishi kutoka zahanati ya jirani. Nikamwomba anionyeshe mstari wa zahanati hiyo. Nayo ilikuwa na sista mmoja.

Karibuni maswali.